Honda CG125 ya marehemu baba: inawaka vizuri, ukivuta mafuta inazima

Nimelipia vitu vitatu kwa ajili ya ugonjwa mmoja wa pikipiki: kabureta mpya, kiti (pakiti ya vipuri vidogo) ya kutengenezea kabureta, na kazi ya fundi mzee mmoja hapa Morogoro. Leo ningeambiwa nichague kimoja tu, ningemlipa mzee.

Pikipiki ni Honda CG125 aliyoiacha baba. Alikuwa bwana shamba, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyompeleka vijijini. Vavu zake zinasukumwa na fito, si cheni, na viwanda vingi vya China viliiga mashine hii, kwa hiyo bodaboda nyingi za 125 na 150 unazoziona mtaani ni ndugu zake. Mwenye nayo yoyote kati ya hizo anaweza kuyapima haya kwake.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Kiki ya pili inawaka, silensa (mashine ikiunguruma bila kuvutwa mafuta) inatulia vizuri kabisa. Ukivuta mafuta kidogo inaitika. Ukizidisha, inaguna, inakohoa mara moja, inazima. Siku nyingine ilikubali kuondoka nyumbani, lakini nikishapita Msamvu kuelekea Mzumbe, nikiwa gia ya tatu, inaanza kukata, inafia pembeni ya barabara. Nikikaa dakika mbili tatu inawaka tena kama haikuwa na lolote. Nimesimama kwenye barabara ile malori yakinipita huku yanapiga honi, na nakwambia inatisha.

Fundi wa kwanza aliisikiliza kidogo akasema umeme. Tukabadilisha plagi na koili. Haikusaidia. Akasema mafuta yamechakachuliwa, nikaenda kujaza kituo kingine. Haikusaidia. Akasema basi kabureta imekufa, nikanunua mpya kwa shilingi 55,000. Jumla na ufundi ilifika 98,000, na hapo katikati hakuna kitu hata kimoja kilichopimwa. Sina shaka na nia yake. Kinachoniuma ni kwamba kila kifaa kilinunuliwa kwa kukisia, na fedha ni za mshahara wangu.

Kabureta mpya yenyewe ilifanya kazi siku kama nne. Safari za mjini nilifurahi kweli. Safari ya kwanza ya Mzumbe ikanifia palepale, na wiki ya pili ikawa inazima hata uani.

Ndipo jirani akanielekeza kwa mzee mwenye kibanda chini ya mwarobaini. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakushika spana. Aliuliza, "Ukivuta choki nusu halafu ukaipa mafuta, inakuwaje?" Sikuwahi kujaribu. Tukajaribu hapo hapo: choki nusu, nikavuta mafuta, ikapanda resi vizuri bila kuzima.

"Basi mwanangu, hii ina njaa. Umeme wake mzima."

Akanieleza, na nayaandika kama nilivyoyaelewa. Choki inapunguza hewa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi zaidi. Mashine ikipona kwa choki, maana yake ilikuwa inakosa petroli, au inavuta hewa mahali pasipostahili. Ingekuwa inazama kwa mafuta kuzidi, choki ingeizidishia ugonjwa. Akafungua plagi, ile mpya niliyonunua, ikatoka nyeupe kama chokaa. Plagi ya mashine inayokula sawasawa ina rangi ya kahawia.

Kisha akachomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akauelekeza kwenye chupa tupu ya soda, akafungua koki, bomba dogo chini ya tenki linalofungulia mafuta. Petroli ilikuja kwa nguvu kwa muda mfupi, halafu ikawa uzi mwembamba. Akafungua kifuniko cha tenki, ukabaki uzi uleule. Kipimo hicho cha kifuniko hakina gharama, na kila mwenye pikipiki anaweza kukifanya njiani ikimzimia: kifuniko kina tundu la kupumulia, likiziba, mafuta yanagoma kushuka, na ukikifungua yanashuka tena. Kwangu haikuwa hilo.

Ilikuwa koki. Kichujio chake cha ndani kilikuwa kimevaa tope jekundu kama soksi. Bakuli la kabureta lilikuwa na vumbi jekundu chini, na jeti kubwa, kile kipande chenye tundu la kupimia petroli, tulipoielekeza juani, tundu lake halikuwa duara tena. Kabureta ya zamani nilikuwa nayo kwenye mfuko, nayo ilikuwa na vumbi lilelile.

Hapo nikaelewa yote. Baba alipofariki pikipiki ilikaa stoo miaka miwili, tenki likiwa nusu. Nafasi iliyobaki juu ya mafuta iliingiza unyevu, unyevu ukazaa kutu, na kutu ikawa inashuka kila siku. Silensa inatumia jeti ndogo na inahitaji mafuta kiduchu, ndiyo maana ilitulia. Ukivuta, kazi inahamia jeti kubwa, na hiyo ndiyo iliyoziba. Na kule njiani bakuli lilikuwa linakauka haraka kuliko koki ilivyoweza kulijaza. Zile dakika mbili za kupumzika ndizo zilizokuwa zinalijaza tena. Kumbe dalili nilikuwa naishika mkononi kila safari.

Tenki tulilisafisha kwa siki na konzi ya nati za chuma, likalala usiku mzima, asubuhi tukalitikisa mpaka mikono ikauma. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya maziwa iliyoungua. Tukasuuza kwa maji yenye magadi kuua ukali wa siki, tukalikausha juani, tukamalizia kwa petroli siku ileile, maana ukiliacha tupu na unyevu kutu inarudi.

Sasa kuhusu kiti, shilingi 12,000. Nilidhani utafungua pakiti ufunge kila kilichomo. Mzee alikataa. Alichukua oringi, gasketi na sindano ya boya, akasema hivyo vinafaa. Jeti aliziacha kwenye pakiti: hazikuwa na namba, wakati za zamani namba zake zinasomeka. Akazisafisha za zamani kwa kompresa na uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme, akaniambia nisithubutu kutumia chuma kwa sababu kinapanua tundu. Kwa hiyo kiti ninaisifu kwa mipira yake tu.

Kabureta mpya haikurudishwa kwenye pikipiki, tulifunga ya zamani. Ile mpya ukiishika mkononi, pistoni yake, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta, inacheza, na mara moja ilikwama mafuta yakiwa yamevutwa, nikaizima kwa funguo. Ya zamani haichezi hivyo, pamoja na umri wake wote. Ile mpya iko kabatini.

Kazi ya mzee ilinigharimu 30,000, na vifaa vyote pamoja na koki mpya vikaongeza kama 30,000 nyingine. Hana risiti, na ilichukua siku tatu kwa sababu tenki haliharakishwi. Ukitaka pikipiki jioni ileile utakwazika.

Huu ni mwezi wa tatu. Nimekwenda Mlali na kurudi, gia ya nne, na juzi nilipofungua plagi ilikuwa kahawia. Limebaki jambo moja: koki mpya inavuja tone tone ikiwa kwenye riziva (mafuta ya akiba), na Jumamosi naipeleka kwa mzee abadilishe mpira wake.