Ufunguo wa pikipiki kuukuu umepotea: kuchongesha au kubadilisha swichi?
Ufunguo wa pikipiki kuukuu hauna chipu, kwa hiyo kuchongesha kunawezekana hata kama huna nakala. Fundi hung'oa kitasa cha tangi, husoma vibati vya ndani, kisha huupiga tupa ufunguo usiochongwa kidogo kidogo, ajaribu, apunguze tena. Kwa kawaida ufunguo huohuo utawasha injini, kufunga usukani na kufungua tangi. Beba logibuku (hati ya umiliki wa pikipiki), fundi mwaminifu ataiuliza.

Swichi mpya ya kuwashia injini kutoka Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri jijini Nairobi, hufungwa upesi. Lakini ukinunua swichi peke yake, tangi linabaki likidai ufunguo uliopotea, na petroli utaitia vipi? Itisha seti nzima, swichi pamoja na kitasa cha tangi. Mimi ningechongesha, isipokuwa kama swichi imechakaa hadi pikipiki inazimika kwenye matuta.