Saa ya wapanda milima iliyoniganda kitufe mlimani

Nianze na haki yake kabla hasira hazijanipanda. Hii kronografu ya kutia ufunguo, yaani saa ya mkononi yenye vitufe vya kuanzisha na kusimamisha kipima muda, ni saa nzuri. Mashine iliyomo ni ST19 ya China, kizazi cha ile Venus 175 ya Uswisi ambayo kiwanda cha Tianjin kilinunua mitambo yake miaka ya 1960 ili kiwatengenezee marubani wa jeshi la anga saa zao. Igeuze uitazame kwa nyuma kwenye kioo, kisha bonyeza kitufe: vijimkono vya chuma vinanyanyuka, gurudumu linalishika jenzake, akrabu inaondoka. Kwa bei ya chini namna hii, kronografu ya makanika ni nadra kuipata. Na mlimani kutotegemea betri ni jambo kubwa, kwa sababu baridi kali huzidhoofisha betri upesi sana. Vipimo vingine vyote utavisoma kwenye tangazo la wauzaji.

Mimi niliinunua kwa kazi moja: kupima muda kwenye ukungu. Anayetembea milimani kwa ramani na dira ananielewa. Ukungu ukifunga, unabaki na mwelekeo na muda, basi. Mwendo wa kilomita 4 kwa saa unakupa kilomita moja kwa dakika 15. Njia ikipanda, unaongeza kama dakika moja kwa kila mita 10 za kimo. Ndiyo kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, ambayo watu wanaipigia hesabu tangu 1892. Unabonyeza, unatembea, muda ukitimia unasimama na kutafuta mahali pa kugeukia. Ukipitiliza, mbele huenda pana poromoko.

Basi siku hiyo tulikuwa juu, baridi chini ya nyuzi sifuri, ukungu mzito. Nikaweka dira sawa, nikabonyeza kitufe cha juu. Kikaingia, hakikutoka. Akrabu ya sekunde ilikimbia vizuri, kwa hiyo sikushtuka. Tulipofika kituo cha kwanza nataka kuisimamisha, hakuna cha kubonyeza! Kitufe kimelala ndani ya kasha. Kile cha chini nacho hakirudishi akrabu sifuri mpaka kwanza uisimamishe. Kuanzia hapo kila kipande cha njia kikawa hesabu ya kutoa kichwani, vidole vimekufa ganzi, mwenzangu anauliza tumebakiza dakika ngapi, na kile kidude cha kuhesabia dakika kikifika 30 kinaanza upya. (Hilo la 30 nalo linanikera. Saa ya mlima ingehesabu na masaa.) Mwishowe tukafuata akrabu za kawaida za saa na dakika, zile ambazo kila saa duniani inazo. Sasa pesa ya kronografu nilitoa ya nini?

Tuliposhuka kwenye joto, kitufe kikajitokeza chenyewe. Fundi wangu wa saa alikifungua akaniita nione: kipete cha mpira kikavu kabisa, hakijapakwa grisi hata chembe, na kutu imeanza kuishika springi. Unyevu ulipenya, ukaganda humo humo. Akakisafisha, akapaka grisi, akabadilisha kipete. Kazi ya muda mfupi, ambayo ilipaswa kufanywa kiwandani.

Hata hapo nilikuwa tayari kusamehe. Saa ya bei nafuu ina kasoro zake, nakubali. Nikawaandikia wauzaji kwa adabu, na picha nikaambatanisha, nikidhani watashukuru. Wakanijibu, “Mpendwa mteja,” kwamba vitufe havitakiwi kubonyezwa penye unyevu wala penye baridi ya kugandisha, kwamba waranti haihusu “mazingira magumu,” na kwamba mlima ni mtindo tu wa ubunifu wa saa hii.

Mtindo tu! Mmechora kilele mgongoni mwa saa. Kwenye tangazo mmemweka mtu ameshika shoka la barafu. Mkanda wenyewe mmeurefusha makusudi upite juu ya mkono wa koti zito! Hili ni sawa na kumuuzia mkulima jembe kisha ukamkataza kuligusisha udongo. Na huyo anayewaamini ni mtu atakayeuweka uhai wake kwenye kitufe hicho akiwa mahali ambapo hamna wa kumwuliza njia. Mngesema tu ni saa ya kuvaa mjini, nisingekuwa na neno nanyi.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota tatu mkononi, maana tangu fundi aiguse saa inakwenda bila tatizo, nimeivaa hata sasa na ninaipenda. Naweza kukuambia inunue, mradi uipeleke kwa fundi kabla ya kuipandisha popote. Lakini nimeyasoma tena majibu yao na siwezi. Mtu asiye na fundi wa karibu atapanda nayo mlimani vile vile ilivyotoka kiwandani. Usiinunue. Nyota moja.

Juzi wameniandikia tena: wako tayari kunirudishia sehemu ya pesa endapo nitayaondoa maoni haya. Nimewajibu kwamba pesa sizitaki. Wapake grisi vitufe vyao kabla saa hazijatoka kiwandani, au wakitoe hicho kilele mgongoni.