Pitimosi kwa miche ya pareto: nzuri, ila kaidi
Kwa kitalu cha pareto huku Molo, pitimosi (mabaki ya mosi, mimea midogo ya kinamasi, yaliyooza nusu) inafaa, mradi uijue tabia yake. Ikikauka kabisa hukataa maji: unamwagilia, yanateleza pembeni mwa trei, katikati panabaki pakavu kama unga. Ilowesheni kwa maji ya vuguvugu, mkifikicha kwa mkono, kisha mbane konzi moja. Yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Ukizidisha maji, kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina changa, kitalaza miche.

Asidi yake ni kali, pH 3.5 hadi 4.5, kwa hiyo changanya chokaa ya kilimo gramu 3 hadi 5 kwa kila lita ya pitimosi. Rutuba karibu haina. Mosi yenyewe haitoi maua wala haina mizizi halisi. Pareto inavyo vyote, na inataka kulishwa ikishatoa majani halisi.