Spika ya kusikilizia jazi-fanki nyumbani: kwanza uliza besi inakimbilia wapi

Mwezi mzima niligombana na watu kwa jambo ambalo halikuwepo. Tuko tisa kwenye kundi letu la wapenzi wa Incognito, bendi ya Uingereza inayopiga jazi-fanki, yaani jazi yenye mdundo wa fanki, wengi wetu wa Tudor na Kizingo hapa Mombasa, mmoja kahamia Mtwapa na hatujamsamehe. Kazi yetu kubwa ni kubishana: rekodi ya studio au ya jukwaani, mwimbaji Maysa Leak au Jocelyn Brown, miaka ya 90 au sasa. Basi mimi nikaja na langu. Nikasema rekodi ya tamasha lao la London, lile la kutimiza miaka 30, haina besi, na kwamba fundi wa sauti alilala kazini. Nikajibiwa kwa kila namna. Nikashikilia.

Jumamosi moja tukaalikwa kwa mwenzetu wa Kizingo kula mahamri kwa mbaazi. Akaiweka rekodi ileile kwenye spika zake kuukuu za mbao, na besi ikapita chini ya meza ikatingisha vijiko kwenye visahani. Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo lililonichoma, maana walikuwa wamekwisha kubaliana kutonitazama.

Kumbe rekodi haikuwa na ila. Mwenye ila ni kile kispika nilichokinunua mjini kwa shilingi 6,500, chenye taa zinazowaka na kuzima kama jukwaa la harusi. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuchunguza spika za watu. Nikikaribishwa sebuleni macho hayaendi kwenye picha za ukutani. Na kwa kuwa wanne kundini wameniuliza wanunue ipi, naandika hapa mara moja nipumzike.

Sitaeleza habari za rangi, taa wala chaji inakaa saa ngapi. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Nina swali moja tu: ukiongeza sauti, besi inapanda pamoja na wenzake au inakimbia?

Uzi mnene kabisa wa gita la besi la nyuzi 4 hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Sasa chukua spika ya kubeba, tena ya maana, JBL Charge 5: watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba inaanzia mitetemo 60 kwa sekunde. Ndugu yake mdogo, Flip 6, anaanzia 63. Maana yake ile sauti ya chini yenyewe huisikii kama ilivyopigwa. Unasikia mitetemo yake ya juu, ya 82 na kuendelea, na ubongo unakujazia pengo. Hapo sina ugomvi. Ubongo una uungwana wake.

Ugomvi unaanza ukigusa kitufe cha kuongeza. Ili itoe besi, ngozi ya spika lazima iende mbele na nyuma kwa hatua ndefu, na kangozi kadogo hakana pa kwenda. Kakilazimishwa kanakwaruza, kisha kanakufa. Kwa hiyo ndani ya spika hizi kuna chipu inayolinda: kadiri unavyopandisha sauti, yenyewe inaishusha besi kimyakimya. Sauti ikiwa chini hufanya kinyume, inaitia besi chumvi, kwa sababu sikio la binadamu husikia besi vibaya kwenye sauti ndogo. Ndiyo maana dukani, ikilia polepole juu ya meza ya kioo, unaiona nene, tamu, unatoa pesa.

Kisha unaileta nyumbani, na nyumbani ni Mombasa. Mwezi wa Februari nani anakaa bila feni? Feni inazunguka, madirisha wazi, tuktuk inapita, jirani anakoroga uji na kuongea na simu kwa wakati mmoja. Huwezi kusikiliza kwa sauti ya dukani. Unapandisha mpaka juu, na pale juu ndipo besi ilipokwisha kukimbia. Zinabaki tarumbeta zinakukata masikio na mwimbaji anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili umelilipia.

Kwa taarifa ya habari haidhuru. Kwa jazi-fanki ni msiba, kwa sababu humo besi haikuwekwa kujaza nafasi, ndiyo njia ambayo wengine wote wanapita juu yake. Chukua "Chameleon" ya mpiga kinanda Herbie Hancock, kutoka albamu ya Head Hunters ya 1973. Inaanza kwa besi peke yake, tena si gita, ni Hancock mwenyewe anaipiga kwa kinanda cha umeme cha ARP Odyssey. Ngoma zinaingia baadaye, na wenzake mmojammoja. Wimbo una dakika zaidi ya 15 na besi ile ndiyo inayoubeba. Spika ikiiangusha, unabaki na watu waliovaa vizuri wasio na pa kusimama.

Wimbo huohuo ndio kipimo changu. Uweke kwenye simu yako kabla ya kwenda mjini, usikubali muuzaji achague. Yeye atakuwekea ngoma yenye mdundo mmoja mnene, ambao hata ndoo ungeutoa. Icheze "Chameleon" kwenye theluthi ya sauti, ngoma zikishaingia. Halafu pandisha hadi theluthi mbili na zaidi, na usisikilize kitu kingine: besi imekua sawa na ngoma, au ngoma zimekua peke yake? Kisha toka nje ya mlango usimame kibarazani. Besi ya kweli inakufuata. Ya kuigiza inabaki dukani.

Sasa orodha yangu, na nasema mapema kwamba sina haki. Nina mpenzi wangu.

Wa kwanza ni Edifier R1280DB. Ni masanduku mawili ya mbao za kubanwa, kila moja na spika ya besi ya inchi 4, jumla wati 42. Pembeni mwa moja kuna vifundo vya kuzungusha, cha besi, cha sauti nyembamba na cha kuongeza, kama redio za wazee. Ina remoti, ina blututhi, ina na matundu ya waya. Inachomekwa ukutani, haina betri, na hapo ndipo siri ilipo: haina haja ya kubana umeme, wala kangozi ka kuonea huruma. Siwadanganyi kwamba inachimba mpaka ule mtetemo wa 41 kama inavyotakiwa. Inchi 4 ni inchi 4. Lakini ilichokuahidi kwenye sauti ndogo inakupa kwenye sauti kubwa, na feni ikizunguka. Na kwa kuwa ni mbili, rekodi za jukwaani zinafunguka: tarumbeta upande huu, kinanda upande ule, mwimbaji katikati. Incognito ni jamaa wengi jukwaani. Ukiwabana wote ndani ya kopo moja wanakanyagana.

Yangu ilinigharimu 19,000 na nililipa huku nimefumba jicho moja. Dada yake R1280T hana blututhi na huwa nafuu kidogo. Ukiwa na simu yenye tundu la waya au laptopu, mchukue yeye, sauti yao ni ya tumbo moja. Ziweke karibu na ukuta kama besi haikutoshi, maana ukuta huirudisha ikaongezeka. Usiziweke kwenye dirisha linalotazama bahari. Chumvi ya hapa inakula matundu ya waya mpaka yanageuka kijani, nimeona. Stima ikipotea, bila shaka, unakaa kimya na giza lako.

Wa pili ni zile za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, na wapo watakaosema nimezionea kuziweka pili. Spika za Wharfedale au Mission, na amplifaya ya kuziendesha. Spika za Kizingo zilizonifedhehesha ni za ukoo huu. Ukizipata nzima, na besi zake zikiwa za inchi 6 au 8, zinampiga mpenzi wangu bila kutoa jasho. Lakini lazima uzipate nzima. Vua kitambaa cha mbele, tazama ukingo unaoizunguka ngozi ya besi. Ukiwa wa mpira, vizuri. Ukiwa wa sponji, uguse taratibu kwa ncha ya kidole: sponji husagika kwa umri, na joto na unyevu wa pwani huharakisha, unaweza kuondoka na unga mweusi kidoleni. Fundi anaweza kuweka ukingo mpya, ila toa gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubali, si baada. Uzuri wa mali ya Uingereza ni kwamba umeme wao na plagi yao ni kama zetu, unachomeka tu. Amplifaya ya ex-Japan ni hadithi nyingine. Kule umeme ni volti 100, hapa 240, na ukichomeka bila transfoma utanusa kosa lako ndani ya sekunde chache. Muuzaji hatakwambia. Geuza nyuma usome mwenyewe.

Wa tatu ni JBL Charge 5, kwa wale wasiokaa nyumbani. Nimekwisha isema, na bado naiweka hapa, kwa kuwa kati ya spika za kubeba hii inajikaza kabla ya kukimbia. Ina alama ya IP67, yaani vumbi haliingii na ikianguka majini hadi mita 1 kwa nusu saa inatoka hai. Kwa anayekwenda Nyali au Mama Ngina jioni, si jambo dogo. Isukume pembeni mwa ukuta, usipite theluthi mbili za sauti, mtaelewana. Ila ni moja, kila mtu anatokea palepale. Unaweza kununua ya pili uziunganishe, moja kulia moja kushoto, lakini piga hesabu kwanza, utajikuta umempita Edifier kwa bei, tena kwa mbali, na bado huna wati zilizotulia. Flip 6 ni nzuri kwa bafuni. Na kote huko jihadhari na feki, ziko nyingi kuliko za kweli. Feki huijui kwa nembo, unaijua kwa kuinyanyua. Nyepesi mno, rudisha.

Wufa zile za sanduku kubwa na vispika vingi hazimo. Zina ugonjwa wa upande wa pili: besi ipo, tena tele, lakini ni sauti moja, vum, vum, kila noti inafanana na iliyopita. Besi ya jazi-fanki inaongea. Nataka nisikie maneno.

Za chini ya 5,000, Oraimo na wenzake: zinafaa kwa mawaidha na mpira. Rahisi huvunja upishi. Tuendelee.

Tuendelee wapi? Kwenye bei, maana hapo nina donge. Kontena linateremshwa bandarini Kilindini. Kutoka kwetu Tudor ni safari ya tuktuk. Linapakiwa kwenye reli, linapelekwa Nairobi, linafunguliwa, mali inafika Luthuli Avenue, inapewa bei. Kisha boksi moja linapanda basi la usiku, linashushwa Mwembe Tayari alfajiri, na mchana naambiwa bei imepanda kidogo, dadangu, ni usafiri. Usafiri wa kitu kilichopita mlangoni kwangu! VAT ya asilimia 16 naielewa, kila mtu anailipa. Hii ya kulipia matembezi ya spika bara na kurudi, sijaielewa mpaka leo.

Na kuna hili la boksi. Unataka kusikiliza, unaambiwa ukifungua umenunua. Hakuna anayenunua kanga bila kuifungua akaitazama jina na pindo, wala anayenunua embe bila kulibonyeza, lakini kitu cha sauti ununue kwa kutazama picha ya karatasi. Duka lolote linalokatalia majaribio, toka. Kuna wanaokubali, ni wachache, nao ndio wanaostahili pesa zako hata wakizidisha 500.

Nilikirudisha dukani kile kidude changu siku ya pili baada ya yale mahamri, na risiti mkononi. Kijana wa dukani alikichomeka, akaweka wimbo wake, taa zikacheza. Akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Dadangu, si inalia?"

Inalia. Sikuwa na jibu. Nikarudi nacho. Kiko jikoni sasa, mpwa wangu anasikilizia mpira.

Jambo moja linanichekesha. Wazee wetu waliomsikiliza mwimbaji Slim Ali na bendi yake ya Hodi Boys hapahapa Mombasa, santuri ikizunguka kwenye gramafoni ya sanduku la mbao, huenda walikuwa na besi kuliko sisi wenye nyimbo zote za dunia mfukoni. Na Bluey Maunick, aliyeanzisha Incognito mwaka 1979, kazaliwa Morisi, mtoto wa Bahari Hindi kama sisi. Sijui angesema nini akinikuta nimemsingizia fundi wake kwa ajili ya kopo lenye taa.

Kundini nimeomba radhi kwa maandishi na kwa sauti. Wamepokea. Ila kila ikitumwa rekodi mpya, kabla mtu hajasema neno, lazima mmoja aniulize: "Bibie, hii ina besi?"