Treni ya mbao ya BRIO: anza na seti ndogo, makorokoro yasubiri

Kiukweli kwa mtoto mdogo sijaona treni ya kuizidi hii, hasa zile seti zao ndogo za kuanzia zisizo na betri. Hawa ni Waswidi, reli za mbao wanatengeneza tangu 1958 na kipimo chao ndo wengi wamekifuata, kwahiyo Hape, Bigjigs, hata zile za IKEA unaziunganisha humohumo, leo unaanza na kiduara tu baadae unaongezea za kampuni nyingine na njia inazidi kurefuka.

Ila neno "zinaingiliana" kwenye boksi usiliamini kichwa kichwa. Kipande cha reli upande mmoja kina kichwa cha duara, upande wa pili tundu, sasa kuna seti moja ya bei chee niliishika (siitaji) vichwa vimenenepa kidogo tuu, mtoto anasukuma weee haiingii, analia, mzazi ndo anageuka fundi reli. Za BRIO zinaingia bila kukaza na hazichomoki ovyo, mbao yenyewe ngumu na kingo zimesuguliwa vizuri.

Kwenye sumaku zinazounganisha mabehewa sasa, hapo naomba tuelewane. Vuta kila sumaku kwa nguvu kabla hujampa mtoto, ikicheza hata kidogo usimpe, maana akimeza mbili zinavutana ndani ya utumbo na kuutoboa, hiyo ni upasuaji. Na mtumba angalia rangi pia, 2007 Marekani kampuni ya RC2 iliondoa sokoni vitu vya treni za mbao za Thomas (ile ya katuni) kama milioni 1.5 sababu ya madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye rangi, na treni za mbao hazifi, zinarithishwa tu.

Injini ya betri mi siikubali kwa umri huu. Inajiendesha yenyewe, mtoto anabaki kuangalia, wakati utamu wote ni kuisukuma na kupiga choo choo, na daraja refu nalo atalibomoa tu kwa kiwiko, mwacheni akue.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimekata sababu seti ndogo zimejaa reli za kona, zilizonyooka ni za kuhesabu, yani treni inazunguka tu haiendi popote. Ukiwa na hela ya kuongeza kitu kimoja usinunue stesheni, nunua reli za njia panda, angalau mbili, hapo mtoto anaanza kuamua mwenyewe treni ipite wapi.