Bunge la Nchi ya Kubuni: Majimbo au Uwiano wa Kura?

Mwandishi anayebuni nchi ya hadithi huanza na bendera na majina ya vyama, ilhali kinachoamua siasa zake zote ni namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti.

Tuchukue bunge la viti 100 na vyama vitatu vinavyopata, katika kila jimbo, asilimia 40, 35 na 25 ya kura. Kwa mfumo wa majimbo, ambapo anayeongoza hutwaa kiti, chama cha kwanza kinazoa viti vyote 100. Kwa uwiano, ambapo viti hugawanywa kulingana na kura, vinapata 40, 35 na 25, hivyo hakuna kinachoweza kutawala peke yake. Mfano huu hauko mbali na hali halisi: nchini Lesotho, mwaka 1998, chama kilichopata takriban asilimia 60 ya kura kilitwaa viti 79 kati ya 80, ghasia zikafuata, na uchaguzi wa 2002 ukafanyika kukiwa na viti 40 vya uwiano vilivyoongezwa.

Uwiano nao una gharama yake. Uholanzi, ambako vyama 17 viliingia bungeni mwaka 2021, ilichukua karibu miezi 10 kuunda serikali. Majimbo angalau humpa mpiga kura mbunge anayemjua, wa kumdai ahadi zake.

Hata hivyo, ningechagua uwiano wenye kizingiti cha asilimia 5 (yaani kiwango cha kura ambacho chama kwa kawaida lazima kifikie ili kigawiwe viti), kama wa Ujerumani, kwa sababu huwalazimisha wapinzani kukaa meza moja, na ni hapo, wakati wa kugawana wizara, ndipo msomaji anapoona chama kipi kitaacha sera yake na kipi kitabaki upinzani.