Laini mbili za simu siku ya kimbunga Hidaya

Ninatumia laini za kampuni mbili hapa Kilindoni, Mafia, na ubora wa kila moja siku ya jua ninaujua vyema. Tathmini hii inahusu tarehe 4 Mei 2024, siku ambayo kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu kisiwani kwetu na kupoteza nguvu.

Laini ya kwanza, ambayo naipenda kwa unafuu wa vifurushi na kasi ya intaneti, ilifanya kazi vizuri wakati taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilipokuwa zikisambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Umeme ulipokatika, mnara wake ulidumu saa chache, kisha ukazima. Mnara umeme ukikatika huishi kwa betri na, palipo na bahati, kwa jenereta, ambayo nayo humhitaji mtu wa kuijaza dizeli. Katika upepo ule, na vyombo vikiwa vimetia nanga, mtu huyo angetoka wapi? Simu nayo, kwa kuhangaika kutafuta mawimbi, ilimaliza chaji mapema kuliko kawaida.

Kilichoniudhi zaidi ni fedha. Akiba yangu yote ya wiki ile ilikuwa ndani ya simu, nami nikasimama mbele ya duka lililo wazi nisiweze kulipa kilo mbili za mchele, mpaka mwenye duka, Mungu ambariki, akaniandika kwenye daftari lake.

Laini ya pili, ambayo huilalamikia kila mwezi kwa bei zake, haikuzima. Kupiga kulishindikana kwa msongamano, lakini ujumbe mfupi ulipita, kwa kuwa huchukua nafasi ndogo sana mtandaoni na usipopita papo hapo husubiri njia ipatikane. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, aliyekuwa akijibiwa kwamba namba anayopiga haipatikani, alipata maneno matatu: "Tuko salama wote."

Siku nane baadaye, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilidorora kwenye laini zote mbili. Hilo siilaumu kampuni ya kwanza. Ninaloilaumu ni mnara. Nilikwenda dukani kwao kuuliza betri zake hudumu saa ngapi bila umeme, na mhudumu, kwa upole mwingi, akanipa karatasi ya bei za vifurushi vipya.